Dawa ya Moto ni Moto? Kisasi, Reli na Mali katika Sinema ya Sergio Leone

Yako makosa mawili yanayofanywa kila mara wanapokutana makada na wanafunzi kuzungumzia sinema za makauboi. Kosa la kwanza ni la wale wasemao kwamba sinema hizi ni sumu tupu ya ubeberu, na kwamba kazi ya mwanamapinduzi ni kuzilaani na kuzipiga marufuku. Kosa la pili ni la wale wasemao kwamba sinema ni starehe tu. Mtu ametoka kazini amechoka, amelipa kiingilio chake, basi aachwe amwangalie stelingi akipiga bastola, arudi nyumbani akalale. Makosa haya ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili, anayelaani na anayestarehe, hawajaitazama sinema yenyewe. Mmoja amefumba macho kwa hasira, mwingine amefumba kwa usingizi.

Sisi tunashika msimamo wa tatu. Kazi ya sanaa, hata ikitengenezwa na kuuzwa na mabepari, ni mazao ya jamii yenye migongano, na migongano hiyo huingia ndani ya kazi yenyewe, wakati mwingine hata bila ya mtengenezaji kukusudia. Wajibu wetu ni kuifungua, kuona ndani yake mna nini, na kuonyesha ni wapi inasema kweli na ni wapi inaificha. Kwa ajili hiyo tumechagua sinema moja mashuhuri ya Kiitaliano, *C'era una volta il West*, yaani "Hapo zamani za kale huko Magharibi", iliyoongozwa na Sergio Leone na kutolewa mwaka 1968. Kisa chake ni cha bingwa wa bastola anayemtafuta mtu mmoja ili alipe kisasi. Swali tunalotaka kulijibu ni hili: je, kisasi ni haki?

Swali hili si la watu wa Ulaya na Marekani peke yao. Vijana wa Léopoldville, mji ambao leo ni Kinshasa, walijiita "Bills" katika miaka ya 1950 kwa kumwiga Buffalo Bill waliyemwona katika sinema. Mwaka 1966 Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza sinema fupi, *Le retour d'un aventurier*, inayoeleza habari za kijana aliyerudi kijijini na mavazi ya kikauboi, akawagawia wenzake, na mara kijiji kizima kikaingia katika fujo. Mwaka 1972 Perry Henzell wa Jamaica akatoa *The Harder They Come*, na ndani yake tunamwona kijana aliyetoka shamba kutafuta maisha mjini Kingston akiwa amekaa miongoni mwa maskini wenzake, wakishangilia *Django*, sinema ya Kiitaliano ya mwaka 1966. Baadaye kijana huyo anashika bastola mwenyewe, na anakufa peke yake. Sinema za namna hii ziliingia pia katika majumba ya sinema ya Dar es Salaam na miji mingine ya pwani yetu, na vijana wakajifunza humo kwamba stelingi hafi. Kwa hiyo tunazungumza juu ya jambo lililokwisha kuingia katika vichwa vya watoto wa wavujajasho katika nchi nyingi.

Hadithi yenyewe

Sinema inaanza katika stesheni ya reli iliyo nyikani. Watu watatu wenye bunduki wanasubiri garimoshi. Hapasemwi neno kwa muda mrefu. Tunasikia kinu cha upepo kikilia kwa kukosa mafuta, nzi akimsumbua mmoja, na matone ya maji yakidondoka juu ya kofia ya mwingine. Garimoshi linafika, linaondoka, na ng'ambo ya pili ya reli amesimama mtu anayepiga kinanda cha mdomo. Wale watatu wanauawa pale pale. Mtu huyu hana jina, na wenzake wanamwita kwa jina la kinanda chake, Harmonica. Anayeigiza ni Charles Bronson, aliyezaliwa mwaka 1921 katika jimbo la Pennsylvania, mtoto wa mhamiaji wa Kilithuania aliyekuwa mchimba makaa ya mawe, na yeye mwenyewe alichimba makaa hayo ujanani.

Mtu anayetafutwa ni Frank, muuaji wa kukodiwa. Tunamwona kwa mara ya kwanza katika shamba liitwalo Sweetwater, mali ya mhamiaji wa Kiairishi, Brett McBain. McBain ametandika meza za karamu kumpokea mke wake mpya, na kabla ya karamu anapigwa risasi yeye, binti yake na mwanawe. Anabaki mtoto mdogo wa kiume. Mmoja wa wauaji anataja jina la Frank, na kwa kuwa jina limekwisha tajwa, Frank anamwua na mtoto. Aliyechaguliwa kuigiza uovu huu ni Henry Fonda, yule yule aliyemwigiza Lincoln kijana mwaka 1939, na mkulima aliyefukuzwa katika ardhi yake katika *The Grapes of Wrath* mwaka 1940. Leone alikusudia hivyo. Alitaka watazamaji wauone uso walioupenda na kuuamini, macho yale ya buluu, ukimwua mtoto. Hilo lilikuwa ni pigo kwa uwongo wa miaka mingi wa Hollywood, kwamba mtu mwema hujulikana kwa sura yake.

Mke wa McBain, Jill, anawasili kutoka New Orleans na kukuta maiti. Anayemwigiza ni Claudia Cardinale, Mtaliano aliyezaliwa Tunis mwaka 1938. Mjane huyu anarithi shamba ambalo kwa macho ni vumbi tupu, lakini lina kisima; na garimoshi la mvuke haliendi bila maji. McBain alijua kwamba siku moja reli itapita pale. Alikuwa amepata mkataba: akiwa amekwisha jenga stesheni kabla mataruma hayajafika, haki za mahali pale ni zake; asipojenga, anazikosa. Basi sababu ya damu ile yote ni maji, ardhi na reli.

Meza na bastola

Nyuma ya Frank yuko Morton, mwenye reli. Morton anaugua kifua kikuu cha mifupa. Anatembea kwa magongo, na ndani ya behewa lake amefungiwa vyuma juu ya dari ili ajishike asianguke. Alianza reli yake katika pwani ya Atlantiki, na kabla hajafa anataka kuiona bahari ya Pasifiki. Ukutani ametundika picha ya bahari hiyo. Hapana shaka mtengenezaji wa sinema amemfananisha mtu na mtaji wake: kwa nje umeoza, lakini haukubali kusimama; ukisimama unakufa.

Morton analalamika kwamba alimtuma Frank awatishe tu McBain na watu wake, siyo kuwaua. Hapa sinema inasema kweli kubwa. Bepari hupenda mikono yake ibaki safi. Yeye hutoa "maelekezo", na anayeua ni mwingine. Damu ikimwagika, bepari huhuzunika, kisha huendelea kuweka reli juu ya makaburi. Frank naye ameanza kuchoka kuwa kibaraka. Anakaa katika kiti cha Morton, na anapoulizwa anajisikiaje, anajibu kwamba ni karibu sawa na kushika bastola, ila nguvu yake ni kubwa zaidi. Morton anamfundisha kwamba ziko silaha za namna nyingi, na silaha moja tu inaweza kuizuia bastola, nayo ni fedha. Baadaye anamthibitishia kwa vitendo: anawalipa watu wa Frank mwenyewe, nao wanageuka kumwinda bwana wao.

Kiswahili chetu kimeyapa mambo mawili jina moja: dola ni fedha ya Wamarekani, na dola ni vyombo vya utawala. Katika mji wa Flagstone, ambako Jill analazimishwa kuuza shamba lake kwa mnada, mambo hayo mawili yamekuwa kitu kimoja kweli. Mkuu wa polisi ndiye anayenadi. Watu wa Frank wamekaa kila upande, na kila mwananchi anayefungua mdomo kutaja bei anafumbwa kwa jicho tu. Sheria imefuatwa, mnada ni halali, hapana risasi iliyopigwa. Na bado ni unyang'anyi mtupu. Kada anayetaka kuwaeleza wanafunzi maana ya dola ya kibepari anaweza kuanza na dakika chache hizi za sinema akawa amesaidiwa sana.

Na huu si uzushi wa Mtaliano. Sheria ya Reli ya Pasifiki, iliyopitishwa Marekani mwaka 1862, iliyapa makampuni ya reli ardhi kubwa kando ya njia, na mikopo ya serikali ya dola 16,000 kwa kila maili ya tambarare, hadi dola 48,000 kwa maili ya milimani. Mwaka 1872 ikafichuka kashfa ya Crédit Mobilier, kampuni ya ujenzi iliyowagawia hisa wabunge ili wanyamaze. Tarehe 11 Mei 1880, huko Mussel Slough katika jimbo la California, walowezi waliokuwa wakigombea ardhi na kampuni ya reli ya Southern Pacific walipigana kwa bunduki na watu waliokuja kuwatoa. Watu saba walipoteza maisha. Mwaka 1892 matajiri wa ng'ombe katika jimbo la Wyoming walikodi wapiga bastola kutoka Texas wawaue wafugaji wadogo. Na wananchi walipowazingira wauaji hao, jeshi la serikali ndilo lililokuja kuwaokoa wauaji. Morton na Frank walikuwapo. Walikuwa na majina mengine tu.

Majina ya wafu

Sasa tuje kwa mlipa kisasi. Kila mara Frank anapomwuliza "Wewe ni nani?", Harmonica hajibu jina lake. Anataja jina la mtu: Dave Jenkins, Calder Benson. Frank anashtuka, kwa sababu hao wote ni watu aliowaua. Hili ndilo wazo lenye nguvu kuliko yote katika sinema hii. Mtu huyu asiye na jina amekuwa daftari la wafu. Hajidai kuwa yeye. Anadai kuwa wao. Kwa kitambo kidogo kisasi chake kinaacha kuwa cha mtu binafsi, kinakaribia kuwa madai ya umma mzima wa waliodhulumiwa.

Lakini kinakaribia tu. Mwisho wanapokabiliana, tunaonyeshwa siri iliyofichwa tangu mwanzo. Miaka mingi nyuma Frank alimfunga kitanzi kaka yake Harmonica, akamsimamisha juu ya mabega ya mdogo wake, halafu akamtia yule mtoto kinanda mdomoni na kumwambia amchezee kaka yake. Mtoto alipochoka akaanguka, na kaka akanyongwa. Basi orodha yote ya wafu inarudi kuwa mfu mmoja, na deni lote linarudi kuwa deni la ukoo mmoja. Harmonica anampiga Frank risasi, anamtia kinanda kile kile mdomoni ili akumbuke kabla ya kukata roho, na hesabu inafungwa. Waliotajwa wengine wote, na mtoto wa McBain pamoja nao, hakuna aliyekuja kwa ajili yao.

Upo ushahidi mbaya zaidi. Watu wa Frank wanapomgeuka na kumwinda mitaani, Harmonica anamsaidia Frank aokoke. Kwa nini? Ili amwue yeye mwenyewe. Tuitazame vizuri hatua hii, maana hapa ndipo kisasi na haki vinapoachana njia. Haki ingetaka Frank azuiwe asiendelee kuua, na haingejali ni mkono wa nani uliomzuia. Kisasi kinajali mkono tu. Mlipa kisasi yuko tayari kumlinda adui wa watu wote ili adui huyo abaki kuwa mali yake. Kwa hiyo kisasi nacho ni aina ya umilikaji binafsi: ni mtu kudai hati miliki ya uovu uliotendewa wengi.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Sisi hatuupingi msemo huo kwa jumla. Mnyonge anayepigwa ana haki ya kujitetea, na historia haijaonyesha mnyonyaji aliyeondoka kwa kuombwa. Lakini mwenye kuzima moto wa porini kwa moto huuwasha mahali panapostahili, pamoja na wenzake, akijua upepo unavuma kutoka wapi. Anayewasha peke yake kwa hasira huunguza na shamba la jirani.

Cha ajabu ni kwamba sinema yenyewe inajua udhaifu huu. Kabla ya kupigana, Frank anakiri kwamba yeye hakuwa mfanyabiashara, ni mtu tu wa kale. Na Harmonica anamjibu kwamba watakuja akina Morton wengine, nao ndio watakaoimaliza jamii hiyo ya watu wa kale. Stelingi mwenyewe anatuambia kwamba risasi yake haitabadilisha kitu. Morton amekwisha kufa wakati huo. Amekufa akitambaa kulifikia dimbwi la tope, na masikioni mwake anasikia mawimbi ya Pasifiki. Muda mfupi baadaye Frank naye anakufa. Je, reli imesimama? La hasha! Wakati wa kifo cha Frank tunasikia nyundo, na garimoshi linaingia Sweetwater. Mwenye meza amekufa, mwenye bastola amekufa, na meza ipo pale pale. Atakuja mwingine kukikalia kiti.

Wale wasioonekana

Tunapowaona hasa wafanyakazi wa reli kwa wingi wao ni katika picha za mwisho. Jill anatoka nyumbani na maji, anawapelekea vibarua waliokauka koo, na kamera inainuka juu. Ni picha nzuri. Muziki wa Ennio Morricone na sauti ya mwimbaji Edda Dell'Orso vinaijaza heshima. Wengi wametoka katika jumba la sinema wakiikumbuka hii kuliko bastola zote. Nasi tunaikubali. Lakini tunauliza: watu hawa walikuwa wapi kwa saa mbili na nusu zilizopita? Walikuwa wakijenga reli! Walikuwa wakibeba mataruma wakati mabwana wakipigana juu ya nani atakayeimiliki. Sinema inawapa maji, haiwapi mdomo.

Na historia iliwapa mdomo. Reli ya kwanza kuikata nchi ya Marekani iliunganishwa Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Upande wa magharibi, katika kampuni ya Central Pacific, sehemu kubwa kabisa ya wafanyakazi walikuwa Wachina, waliotoboa milima ya Sierra Nevada kwa baruti na sululu. Mwezi Juni 1867 maelfu yao waliweka chini vifaa. Walidai mshahara wa dola 40 kwa mwezi na saa chache zaidi za kazi ndani ya mashimo. Hawakumpiga mtu risasi. Charles Crocker, bwana wa ujenzi, akawakatia chakula huko huko milimani, na baada ya muda wa kama juma moja mgomo ukavunjika, maana hapakuwa na wafanyakazi wengine waliowaunga mkono. Katika picha mashuhuri iliyopigwa siku reli zilipokutana, Wachina karibu hawaonekani. Na mwaka 1882 Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia Wachina wasiingie nchini. Huo mgomo wa 1867, ingawa ulishindwa, una mafunzo mengi kwa mwanafunzi wa siasa kuliko bastola zote za Magharibi. Kwa sababu haukumlenga Crocker kama mtu, ulilenga mshahara na saa za kazi, yaani ulilenga meza. Na ulishindwa kwa sababu inayoeleweka na inayorekebishika: kutengwa.

Wenyeji wa nchi, Wahindi Wekundu kama walivyozoea kuitwa katika sinema, ambao ardhi yote hii ilikuwa yao kabla ya McBain na Morton, wanapita humu kama vivuli. Baadhi ya picha zilipigwa Monument Valley, katika nchi ya Wanavajo, na bado hapana Mnavajo mwenye neno. Sinema inahuzunika kwamba shamba la McBain linanyang'anywa. Haiulizi McBain alilipata kwa nani. Mwigizaji mweusi, Woody Strode, aliyekuwa mmoja wa wachezaji wawili weusi walioivunja mipaka ya rangi katika ligi kubwa ya kandanda ya Kimarekani mwaka 1946, anapewa dakika za mwanzo karibu bila neno, halafu anauawa. Anatazamika kwa heshima kuliko Hollywood ilivyozoea kuwapa watu weusi. Lakini ni heshima ya sanamu.

Hali kadhalika mwanamke. Jill, ambaye huko nyuma alikuwa kahaba, ndiye mtu wa pekee kati ya wakubwa wa hadithi anayebaki na kujenga kitu. Hilo ni sifa kwa sinema hii, kwa kuwa katika sinema nyingine za Kiitaliano za namna hii mwanamke hana kazi yoyote. Lakini angalia bei aliyolipishwa. Frank anautumia mwili wake kwa vitisho, na Cheyenne, jambazi mwenye moyo mwema, anamshauri kwamba kibarua akimshika makalio ajifanye hakuna kitu. Watazamaji hucheka hapo. Sisi hatucheki. Dhuluma inayofanywa na mnyonge mmoja juu ya mwingine haigeuki kuwa mzaha kwa sababu mwenye kuifanya ana jasho la kazi.

Sinema hii na Italia yake

Mtu anaweza kutuuliza: je, haikuwezekana kutengeneza namna nyingine, katika soko lile lile? Iliwezekana. Franco Solinas, aliyeandika *La battaglia di Algeri*, sinema ya Gillo Pontecorvo ya mwaka 1966 inayoeleza vita vya ukombozi wa Algeria, alishiriki pia katika kuandika sinema za makauboi. Mwaka huo huo wa 1966 alishiriki katika *Quién sabe?* ya Damiano Damiani, ambamo Mmarekani aliyevaa vizuri anajipenyeza katika kundi la majambazi wa Meksiko wakati wa mapinduzi, na jambazi mmoja anajifunza polepole kutofautisha rafiki na wakala wa ubeberu. Morricone, aliyeshiriki kutunga muziki wa sinema ya Algiers, ndiye aliyemtungia Leone muziki wake. Mikono ni ile ile, na zana ni zile zile. Kilichotofautiana ni swali lililoulizwa: mmoja anauliza nani alimwua kaka yangu, mwingine anauliza kwa nini tunauawa.

Leone mwenyewe, aliyezaliwa Roma mwaka 1929 na kufariki mwaka 1989, alikuwa mtu aliyekata tamaa na siasa. Alitengeneza sinema yake mwaka ambao vyuo vikuu vya Italia vilikuwa vimejaa migomo, na mwaka uliofuata, 1969, wafanyakazi wa viwanda vya kaskazini, wengi wao wahamiaji maskini kutoka kusini, walisimama katika mapambano yaliyoitwa "vuli ya moto". Picha nyingi za "Magharibi" yake alizipiga kusini mwa Hispania, nchi iliyokuwa bado chini ya udikteta wa Franco. Ndiyo maana sinema ina harufu ya mapinduzi bila ya wanamapinduzi. Inaona uozo wote; haioni mtu wa kuuondoa, isipokuwa mpiga bastola anayetoka nyikani na kurudi nyikani. Watu walioipenda ni wengi mno. Katika Ufaransa peke yake ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni 14. Mamilioni hao hawakuwa wajinga. Waliitambua dhuluma waliyoijua, wakaonyeshwa kwamba dawa yake ni mtu mmoja hodari.

Hitimisho

Tunarudi kwenye swali letu. Kisasi si haki, kwa sababu kisasi huanza na mtu na kuishia kwa mtu. Hasira ya Harmonica ni halali, tena ni takatifu; mtoto aliyebebeshwa kifo cha kaka yake mabegani hawezi kuambiwa asamehe na kusahau. Kosa si hasira. Kosa ni kuiacha hasira ibaki changa, isikue ikawa fahamu.

Na tusijidanganye kwamba maradhi haya ni ya makauboi peke yao. Ni mara ngapi katika mikutano tumesikia kwamba ubaya wote unatoka kwa mtu fulani, basi aondolewe? Anaondolewa, watu wanapiga vigelegele, na kesho yake anakuja mwingine, anakaa katika kiti kile kile, mbele ya meza ile ile, anashika funguo zile zile, na baada ya mwaka watu wanatafuta tena Frank wao mpya. Tumempiga mtu, hatukuigusa meza. Huko ni kuangalia sinema mchana kweupe. Kada anayewaelekeza watu kwenye sura ya adui, asiwaeleze ni kitu gani kinachomzaa adui huyo na kumlipa, anawafundisha kisasi hata kama mdomoni ana maneno ya mapinduzi.

Kwa hiyo tunashauri sinema hii itazamwe, na itazamwe na vijana hasa, lakini taa zikiwashwa watu wasiondoke. Wabaki waulizane. Nani alimlipa Frank? Nani anamiliki stesheni baada ya wote kufa? Kwa nini Harmonica alimwokoa adui yake? Na vibarua wale wanaokunywa maji mwishoni, kama wangepewa dakika kumi za kusema, wangesema nini?

Stelingi amepanda farasi na kwenda zake. Hana kazi tena. Waliobaki pale Sweetwater ni mwanamke mwenye ndoo na watu wenye nyundo. Hadithi yao ndiyo kwanza inaanza, na hiyo haina budi kusimuliwa na wao wenyewe.